Kutumia Akili Mnemba Kuboresha Picha za MRI za Goti: Mwongozo Kamili kutoka Data Ghafi hadi kwa Daktari Msomaji

Wengi wanaotaka kutumia akili mnemba kwenye picha za viungo huanza kwa kuuliza ni programu ipi inayotoa picha nzuri zaidi. Picha nzuri si vigumu kuipata. Kazi ngumu ni kupata picha safi ambayo bado inamwonyesha daktari mchaniko mdogo wa meniskasi (kipande cha gegedu kinachokaa kati ya mifupa ya goti) uliopo kweli, wala haimwonyeshi mchaniko usiokuwepo. Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo kwa mfano wa goti, kwa kuwa goti ndilo kiungo chenye data ghafi nyingi zilizo wazi kwa watafiti. Taratibu zilezile hutumika kwenye bega, nyonga au kifundo cha mguu, ingawa modeli yenyewe, yaani programu iliyojifunza kutokana na mifano, hulazimika kufunzwa na kupimwa upya kwa kila kiungo.

Kabla ya yote: ni nini kinachoboreshwa?

Mashine ya MRI haifanyi kazi kama kamera. Hupokea mawimbi ya redio yanayotoka kwenye protoni za maji na mafuta mwilini, kisha huyaandika mstari kwa mstari katika jedwali la namba ambalo wataalamu huliita nafasi ya k. Sehemu ya katikati ya jedwali hilo hubeba umbo la jumla na tofauti za weusi na weupe, ilhali sehemu za pembezoni hubeba kingo kali na vitu vidogo. Picha hupatikana baada ya jedwali zima kupitishwa kwenye hesabu ya Fourier, inayogeuza mawimbi kuwa picha. Muda ambao mgonjwa hulala ndani ya mashine hutegemea sana idadi ya mistari inayokusanywa, na kwa hiyo anayepunguza mistari anapunguza muda.

Punguzo hilo lina gharama. Ukirudia kipimo mara nne, nguvu ya ishara ikilinganishwa na chengachenga (vidoa vya nasibu vinavyoichafua picha) huongezeka mara mbili tu. Na ukipunguza kwa nusu vipimo vyote vitatu vya kijisanduku kimoja cha picha, ishara hubaki moja ya nane, kiasi kwamba ungehitaji kurudia kipimo mara 64 ili kufidia hasara hiyo. Ndiyo maana hakuna anayepata picha ya goti iliyo kali sana, safi sana na ya haraka sana kwa wakati mmoja kwa kubonyeza vitufe vya mashine peke yake. Gegedu la goti lina unene wa milimita chache, na pikseli ya kawaida ina upana wa takriban nusu milimita, kwa hiyo ugonjwa mzima unaotafutwa unaweza kukaa ndani ya pikseli tatu au nne. Katika eneo dogo kiasi hicho, kosa dogo la kompyuta ni kosa kubwa la kitabibu.

Akili mnemba huingia kwa njia tatu, na lazima zitofautishwe tangu mwanzo. Njia ya kwanza ni kuijenga picha kutoka kwenye mistari michache ya nafasi ya k. Ya pili ni kuondoa chengachenga kwenye picha iliyokwisha kujengwa. Ya tatu ni kuongeza ukali, yaani kuchukua picha yenye pikseli kubwa na kuifanya ionekane kama ilipigwa kwa pikseli ndogo. Kwa maoni yangu njia ya kwanza ndiyo yenye msingi imara zaidi, kwa sababu modeli inaweza kulazimishwa kuheshimu namba zilizopimwa kweli. Njia ya tatu ndiyo inayotaka hadhari kubwa kuliko zote: maelezo ya pembezoni mwa nafasi ya k hayakupimwa kamwe, na kila ukingo mkali unaojitokeza ni dhana ya modeli kutokana na magoti mengine iliyowahi kuyaona. Hatua zinazofuata zinashughulikia hasa njia ya kwanza.

Hatua ya kwanza: andika swali la kitabibu kwa sentensi moja

Sentensi kama "tunataka kuboresha picha za goti" haitoshi. Andika, kwa mfano: "Tunataka kupunguza mara nne mistari inayokusanywa katika mfuatano wa msongamano wa protoni uliofifishwa mafuta, huku daktari akiendelea kuona mchaniko wa meniskasi, jeraha la ligamenti msalaba ya mbele na maji ndani ya mfupa kama anavyoviona kwenye picha kamili." Sentensi hiyo inataja mfuatano (mpangilio wa kupiga picha, hapa ule ambamo mng'ao wa mafuta umezimwa), kiwango cha punguzo na miundo itakayopimwa, na itakuongoza hadi hatua ya mwisho. Mwite daktari wa radiolojia anayesoma picha za viungo aiandike pamoja nawe, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni jeraha lipi likipotea litabadilisha matibabu.

Hatua ya pili: tafuta data, na hakikisha ni ghafi kweli

Mahali pazuri pa kuanzia ni mkusanyiko wa fastMRI, uliotokana na ushirikiano wa NYU Langone na kitengo cha utafiti wa akili mnemba cha Facebook ulioanza mwaka 2018. Sehemu yake ya goti ina data ghafi za vipimo zaidi ya 1,500, zilizopigwa kwa mashine zenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5 na tesla 3, kwa koili (antena inayozunguka goti) yenye njia 15 za kupokea. Picha zake ni za pikseli 320 kwa 320, kila pikseli ikiwa na nusu milimita, na kila tabaka, yaani mkato mmoja wa picha ya goti, lina unene wa milimita 3. Vipimo 973 vimetengwa kwa mafunzo na 199 kwa uhakiki. Nusu hivi ni za msongamano wa protoni wa kawaida na nusu ni zilizofifishwa mafuta. Data huombwa kwa kukubali masharti ya matumizi ya utafiti, na huja katika mafaili ya HDF5 yanayofunguka kwa urahisi kwenye lugha ya Python.

Ukitaka kutumia data za mashine yako mwenyewe, jua kwamba mashine nyingi hazihifadhi data ghafi kwa muda mrefu. Hufutwa kadiri wagonjwa wapya wanavyopimwa. Panga na wapigaji picha ili zitolewe siku ileile, kisha zigeuze ziwe katika muundo wa ISMRMRD, ambao programu nyingi za utafiti huuelewa. Kibali cha kamati ya maadili hutangulia hayo yote. Ondoa jina, namba ya mgonjwa na tarehe kwenye vichwa vya mafaili, na usisahau kwamba mafaili ghafi nayo hubeba taarifa hizo, mara nyingi mahali tofauti na zinapokaa kwenye mafaili ya DICOM, muundo wa kawaida wa picha za hospitali.

Upo mtego ambao umewanasa watafiti wengi. Mtu huchukua picha za DICOM zilizokwisha kusafishwa na mashine, huzigeuza nyuma kwa hesabu ya Fourier, kisha huiita matokeo yake "data ghafi". Nafasi ya k ya namna hiyo ni ya kubuni. Awamu, yaani mahali pa kila wimbi katika mzunguko wake, imepotea, njia za koili zimeunganishwa, na mashine imekwisha kuongeza pikseli na kulainisha chengachenga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba modeli zilizofunzwa na kupimwa kwa data kama hizo hutoa alama nzuri kupita uhalisia, kisha hushindwa zikipewa data za kweli. Ikiwa huna data ghafi, fanya kazi ya kuondoa chengachenga na uiite hivyo.

Gawa data kwa mgonjwa, kamwe usigawe kwa tabaka. Tabaka mbili jirani za goti moja hufanana mno, hivyo moja ikiingia kwenye mafunzo na nyingine kwenye majaribio, modeli itakuwa inakumbuka badala ya kujenga. Mgonjwa aliyepimwa magoti yote mawili abaki upande mmoja.

Hatua ya tatu: punguza mistari kama mashine itakavyoipunguza

Mafunzo hufanyika kwa kuchukua data kamili, kuficha baadhi ya mistari, na kuidai modeli irudishe picha kamili. Mpangilio wa mistari inayobaki huitwa barakoa. Tuseme nafasi ya k ina mistari 368. Kwa punguzo la mara nne utabakiza mistari 92; desturi ya fastMRI ni kuhifadhi asilimia 8 ya katikati yote, yaani mistari 29, na iliyobaki 63 kutawanywa pembezoni. Kwa punguzo la mara nane hubaki mistari 46, ambapo asilimia 4 ya katikati ni mistari 15 na pembezoni hubaki 31 tu. Ukiitazama namba hiyo ya mwisho utaelewa kwa nini napendekeza kuanza na mara nne. Mistari 31 kubeba kingo zote za gegedu, meniskasi na ligamenti ni michache, na pengo linalobaki hujazwa na mazoea ya modeli.

Mistari ya pembezoni inaweza kutawanywa kwa bahati nasibu au kwa nafasi sawa. Uliza mashine yako inaweza kutekeleza upi, kisha funza kwa huo huo. Nyingi hupendelea nafasi sawa.

Hatua ya nne: jenga kipimo cha kulinganishia kisichotumia akili mnemba

Hatua hii hurukwa mara nyingi, na kuiruka ni kosa. Njia za kupunguza mistari zilikuwepo zamani: SENSE ilichapishwa mwaka 1999, GRAPPA mwaka 2002, na mbinu ya ukusanyaji uliobanwa ilipelekwa kwenye MRI mwaka 2007. Programu huria ya BART inaweza kuendesha njia za namna hiyo. Jenga picha zako kwa njia mojawapo, ukitumia mistari ileile utakayoipa modeli. Jenga pia picha ambayo mistari iliyokosekana imejazwa sifuri. Ikiwa modeli yako haiishindi njia ya zamani kwa tofauti inayoonekana kwenye meniskasi, basi hujapata sababu ya kuipeleka mbele, hata kama inaishinda picha iliyojazwa sifuri kwa mbali.

Hatua ya tano: chagua modeli na uifunze

Anza na U-Net, mtandao wa neva uliochapishwa mwaka 2015 kwa ajili ya kugawa picha za kitabibu. Ni mwepesi, unaeleweka, na utakusaidia kugundua makosa ya mfumo wako wa data kabla hujatumia siku nyingi za kompyuta. Lakini U-Net ya kawaida hupokea picha iliyoharibika na kutoa picha iliyotengenezwa, bila kuulizwa kama picha hiyo bado inalingana na mistari iliyopimwa.

Kwa kazi halisi tumia mtandao wa aina ya variesheni, kama ule wa mwaka 2020 uliotolewa pamoja na msimbo wa fastMRI. Huo una ngazi 12 zinazofuatana. Kila ngazi husafisha picha kidogo, kisha huirudisha kwenye nafasi ya k na kuisogeza karibu na mistari iliyopimwa kweli. Tena mtandao wenyewe hukadiria jinsi kila njia ya koili inavyosikia goti. Mfikirie mtu anayesoma barua iliyochanika: anaruhusiwa kukisia maneno yaliyopotea, ila haruhusiwi kubadilisha yale yanayosomeka. Kanuni hiyo ndiyo inayoupa mtandao huu uaminifu kuliko unaochora upya picha nzima.

Kwa mafunzo yenyewe, tumia PyTorch, maktaba ya Python ya kufunza mitandao ya neva, na kadi ya michoro yenye kumbukumbu kubwa, kwa sababu tabaka moja lenye njia 15 hujaza kumbukumbu haraka na mara nyingi utaweza kulisha tabaka moja tu kwa kila hatua ya mafunzo. Mwendo wa kujifunza kati ya 0.0003 na 0.001 kwa kiboreshaji cha Adam (kanuni inayorekebisha namba za modeli) ni mwanzo unaofaa, na takriban mizunguko 50 ya data yote hutosha. Kipimo cha kosa cha SSIM, kinacholinganisha muundo wa picha mbili, au mchanganyiko wake na tofauti ya kawaida ya pikseli, huhifadhi kingo vizuri kuliko wastani wa kosa la mraba, ambao hupenda kulainisha. Epuka mitandao ya ushindani inayofunzwa ili picha "ionekane ya kweli" mpaka uwe na njia madhubuti ya kupima uongo wake. Kuonekana kwa kweli ndiyo sifa hasa ambayo jeraha la kubuni huwa nayo.

Hatua ya sita: pima, kisha pima pale panapouma

Utaanza na vipimo vitatu vya kawaida: wastani wa kosa la mraba uliosawazishwa, uwiano wa kilele cha ishara na chengachenga, na SSIM. Viripoti, lakini usiviamini peke yake. Sehemu kubwa ya picha ya goti ni weusi wa pembeni, misuli na mafuta, na modeli inayozipata hizo vizuri itapata alama za juu hata ikifuta mchaniko wa pikseli tatu.

Tiba yake ya kwanza ni kupima ndani ya jeraha. Mkusanyiko wa fastMRI+ umeongeza visanduku vilivyochorwa na wataalamu kuzunguka majeraha katika picha hizohizo za goti. Kokotoa kosa ndani ya kila kisanduku peke yake, kisha lilinganishe na kosa la picha nzima. Ikiwa ndani ya visanduku vya meniskasi kosa ni kubwa waziwazi kuliko kwingine, modeli yako inajifunza magoti mazima na kuyasahau magonjwa.

Tiba ya pili naiona kuwa kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote, nayo ni kupanda jeraha dogo. Kwa kuwa hesabu ya Fourier hujumlishika, unaweza kuchora alama ndogo ya pikseli mbili au tatu mahali pa gegedu au meniskasi, ukaizidisha kwa ramani ya usikivu wa kila njia ya koili, ukaigeuza kuwa nafasi ya k, na kuijumlisha kwenye data ghafi ya kweli. Baada ya hapo ficha mistari, jenga picha kwa modeli, na uangalie: je, alama imebaki, imefifia au imetoweka? Rudia kwa mamia ya mahali, kwa ukubwa na mwangaza tofauti, na uchore mahali ambapo modeli inaanza kupoteza. Fanya hivyohivyo kwa njia ya zamani ya hatua ya nne. Utapata ukubwa wa chini kabisa wa jeraha ambalo mfumo wako unaweza kuahidi kuliona, na namba hiyo inamfaa daktari kuliko SSIM ya desimali nne.

Mwisho wa hatua hii, isumbue modeli. Hamisha barakoa kwa mstari mmoja. Ongeza chengachenga kidogo. Iliyofunzwa kwa punguzo la mara nne ipe data za punguzo la mara tatu. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba baadhi ya mitandao hutoa kasoro kubwa kwa mabadiliko madogo mno ya data, na kwamba mingine hutoa picha mbaya zaidi ikipewa mistari mingi kuliko iliyozoea. Ni afadhali uligundue hilo mezani kwako.

Hatua ya saba: wape madaktari wasome bila kujua

Chagua wagonjwa ambao hawakuonekana kabisa kwenye mafunzo. Kila mgonjwa awe na picha kamili na picha iliyoharakishwa, na madaktari wasome seti hizo kwa mpangilio wa bahati nasibu, bila alama inayoonyesha ipi ni ipi, zikitenganishwa na wiki kadhaa ili kumbukumbu ya picha ya kwanza ififie. Waombe waandike uamuzi kwa kila muundo: meniskasi ya ndani, meniskasi ya nje, ligamenti msalaba zote mbili, gegedu kwa kila eneo, na mfupa. Alama ya jumla ya "ubora wa picha" ikusanywe pia, lakini isichanganywe na uamuzi wa ugonjwa.

Mfano mzuri wa mpango huu ni utafiti wa fastMRI wa mwaka 2020 uliohusisha wagonjwa 108 na madaktari sita wa picha za viungo. Swali lake halikuwa kama picha zinafanana. Uliuliza kama daktari akibadilishiwa picha kamili na iliyoharakishwa, maamuzi yake yatatofautiana zaidi ya vile madaktari wawili wanavyotofautiana wakisoma picha kamili. Ilionekana kwamba picha hizo zinaweza kubadilishana. Naupenda mpango huo kwa sababu unakubali ukweli kwamba wasomaji hodari nao hupishana, na unaiweka modeli kwenye mizani hiyohiyo.

Sikiliza pia malalamiko yasiyo na namba. Madaktari wengine husema picha ni laini kama plastiki, na baadhi ya watengenezaji hurudisha chengachenga kidogo ili jicho lisipotoshwe na ulaini huo. Hilo linakubalika iwapo limeandikwa wazi kwenye maelezo ya mfumo.

Hatua ya nane: matumizi ya kila siku

Modeli uliyoifunza mwenyewe ni ya utafiti, na haifai kutumika kuamua matibabu bila kibali cha mamlaka ya vifaa tiba. Watengenezaji wakubwa wa mashine wanazo programu zilizoidhinishwa, kama AIR Recon DL ya GE, Deep Resolve ya Siemens na SmartSpeed ya Philips. Hata hizo zipime kwa kipimo cha hatua ya saba, walau kwa wagonjwa wachache wa kituo chako, kabla ya kuzifanya kuwa utaratibu wa kawaida.

Usitarajie akili mnemba itibu makosa ya upigaji. Goti lililotikisika huacha mistari isiyopatana, na modeli iliyofunzwa kwa magoti yaliyotulia inaweza kugeuza mtikisiko kuwa ukingo unaoonekana safi. Kano iliyolala kwa pembe ya takriban nyuzi 55 na uga wa sumaku hung'aa kwenye mifuatano ya mwangwi mfupi hata ikiwa nzima. Modeli haitaondoa mng'ao huo, na inaweza kuufanya uonekane wazi zaidi kama ugonjwa. Kumweka mgonjwa vizuri, kumfunga mito na kumweleza atakachosikia bado ni kazi ya mpigaji picha.

Kila picha iliyopitia modeli ibebe maandishi yanayosema hivyo, pamoja na toleo la modeli na kiwango cha punguzo. Hifadhi pia ujenzi wa kawaida wa data hizohizo, ili daktari anayetilia shaka mstari mweupe ndani ya meniskasi aweze kuutafuta pasipo mkono wa modeli. Koili ikibadilishwa au programu ya mashine ikisasishwa, rudia kipimo cha jeraha la kupandwa kabla ya mgonjwa anayefuata. Wagonjwa wenye skrubu au bamba la chuma, na waliowahi kufanyiwa upasuaji wa goti, wapimwe kwa mfuatano kamili wa kawaida mpaka uwe umeijaribu modeli kwa data za watu kama wao.